Muuzaji Anayeitukana Bidhaa Yake

Kuna ushauri mmoja ambao mji huu mzima unao na unaugawa bure: "Tafuta duka unaloliamini." Muulize jirani ununue wapi hadidiski, atakujibu hivyo. Muulize mpwa wako anayesomea kompyuta chuoni, atakujibu hivyo hivyo, ila ataanza na "anko, sikiliza" ili ionekane kuna elimu ndani yake. Sasa mimi nauliza: hilo duka ninaloliamini ningekuwa nalo, ningekuuliza wewe? Si ningekuwa nimeshakwenda, nimeshanunua, nimesharudi, na saa hizi nipo barazani na kahawa yangu?

Halafu wakishakwambia hivyo wanakuacha hapo hapo. Hakuna anayeendelea kukueleza duka la kuaminika linafananaje, liko mtaa gani, na mwenyewe unamtambua kwa nini.

Sina nia ya kuwachosha na maradhi ya kompyuta yangu, lakini hadidiski yake imeanza kugonga. Ka-ta. Kimya. Ka-ta. Fundi wa mtaani kwetu Tabata aliitegea sikio, akatikisa kichwa namna wanavyotikisa madaktari wa kwenye tamthilia, akasema kile kichwa kinachosoma kinatafuta njia yake juu ya sahani, hakiioni, kinarudi kuanza upya. "Mzee, hamisha vitu vyako leo." Vitu vyenyewe ni picha za watoto tangu hawajaota meno, makala zangu, na hesabu zote za michango ya chama cha kufa na kuzikana cha mtaa, ambacho mimi ni katibu wake. Picha zikipotea nitalia mimi. Hesabu zikipotea watalia wengine, na watakuja kulilia nyumbani kwangu.

Basi, Kariakoo.

Kwa msomaji wa mikoani ambaye hajapata bahati hiyo: vifaa vya elektroniki vimejikusanya zaidi pande za Aggrey na Msimbazi na vichochoro vya katikati, ghorofa juu ya ghorofa, fremu juu ya fremu, nyingine ndogo kiasi kwamba mteja akiingia muuzaji anatoka. Lakini kabla hujafika kwenye duka lolote utakutana na winga.

Winga ni kijana nadhifu, mchangamfu, asiye na duka, asiye na bidhaa, asiye na hata meza. Ana miguu, simu na ulimi. Mwambie unataka kitu chochote, hatakujibu kwamba hana, kwa sababu tangu azaliwe winga hajawahi kukosa kitu. Wangu alinikalisha kwenye stuli ya duka ambalo si lake, akamwambia mwenye duka "niangalizie mzee wangu hapa," akapotelea kwenye korido, akarudi na maboksi matatu kutoka maduka matatu. Juu ya kila bei alikuwa ameshaweka cha juu chake. Sina ugomvi na cha juu. Mtu ametembea, na ale. Ugomvi wangu ni maelezo.

"Mzee wangu, hii elfu themanini na tano. Hii laki na ishirini. Hii laki na sabini."

"Zinatofautiana nini?"

"Zote orijino."

"Nimeuliza tofauti yake."

"Hii ya laki na sabini ni orijino zaidi."

Nikayageuza maboksi. Yote matatu yamefungwa nailoni ya kung'aa, na winga akaigonga ile nailoni kwa kucha ili niisikie inavyolia. Wateja wengi imani yao iko kwenye nailoni. Ikiwa imekaza, mzigo mpya. Ikiwa imelegea, umefunguliwa. Jamani, nailoni ile hukazwa na joto. Joto hilo analo kila mwenye draya ya saluni. Boksi lililofungwa kiwandani na boksi lililofungwa jana jioni ghorofa ya tatu yanalia sauti ile ile ukiyagonga kwa kucha.

"Waranti?"

"Mwaka mzima, mzee wangu."

"Utaniandikia?"

Akaonyesha kuumia moyoni. Akachukua simu yangu, akaandika namba yake, akajihifadhi mwenyewe kwa jina la Boss Hadidiski Kkoo, akanirudishia. Hiyo ndiyo waranti. Nikamwambia nazunguka narudi, akaniambia poa mzee, na wote wawili tukajua kwamba hayo ndiyo maneno ya kuagana milele.

Msije mkadhani naona vivuli. Shemeji yangu, mtu mzima, mhasibu, mwenye kuhakiki risiti za watu kazini, alinunua flashi ya terabaiti mbili kwa elfu kumi na tano. Na hakununua kijinga: aliichomeka mbele ya muuzaji, kompyuta ikaandika terabaiti 2, akaridhika kwamba amepima. Hakupima. Aliuliza tu. Ndani ya flashi kuna kijisakiti kinachoiambia kompyuta nafasi iliyopo, na kompyuta haina tabia ya kubishana, inaandika ilichoambiwa. Wahuni wanakipanga upya kile kijisakiti kiseme uongo. Ndani zipo gigabaiti 32, pengine pungufu, na mdomoni terabaiti mbili. Unanakili, inapokea. Unanakili tena, inapokea. Nafasi ya kweli ikishajaa, vitu vipya vinaandikwa juu ya vya zamani au vinatupwa hewani, na majina ya mafaili yanabaki yamejipanga pale pale na ukubwa wake na tarehe zake, hayana kitu.

Shemeji aliweka humo video ya harusi ya mdogo wake, kisha akafuta ile ya kwenye kompyuta ili kupata nafasi. Bibi harusi anaingia vizuri. MC anatania vizuri. Supu inagawiwa. Kufika kukata keki, picha imeganda, na haijaganduka mpaka leo. Ndoa ipo na watoto wapo, ila kwa mujibu wa flashi ile sherehe iliishia kwenye supu.

Zipo programu za kuumbua uongo huu, na ni za bure. H2testw ilitoka kwa watu wa jarida la c't la Ujerumani. Wenye Linux wanayo F3. Zote kazi yake moja: zinaijaza flashi mpaka pomoni kwa data zinazojulikana, kisha zinazisoma upya moja moja kuona kama zipo. Tatizo ni muda. Flashi ya gigabaiti 64 inayoandika megabaiti 10 kwa sekunde inachukua saa moja na robo tatu hivi kujaa, hapo bado kusomwa. Hiyo ya terabaiti mbili, ingekuwa ya kweli, kwa mwendo huo ingehitaji zaidi ya saa 55. Nani Kariakoo atakuachia stuli yake kwa saa 55? Mpaka uje uondoke, muuza kahawa wa pale ameshajua kabila lako. Ila kwa kweli shemeji hakuhitaji programu. Alihitaji kujiuliza tu kwa nini terabaiti mbili ziuzwe bei ya kuku wa kienyeji.

Hapa niwatetee wauzaji kidogo, maana nao wana machozi yao. Kila siku kuna mteja anarudi dukani na mishipa ya shingo imemtoka: "Umeniuzia terabaiti moja, kompyuta inasoma 931! Sitini na tisa zangu ziko wapi?" Hazijaibwa na mtu. Kiwanda kinahesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja kamili, Windows inahesabu 1,073,741,824, gawanya mwenyewe utapata 931. Nimeshuhudia muuzaji mwaminifu akiitwa mwizi kwa sababu ya hesabu ya kugawanya, na mnyang'anyi wa flashi ya shemeji akiitwa "mdogo wangu" kwa sababu kompyuta ilisoma terabaiti 2. Tuendelee.

Duka lililofuata ni la mtumba wa Dubai. Hadidiski zimepangwa kwenye kreti, bila maboksi, bei nusu. Kijana wa pale hakuficha kwamba zimetumika, na kwa hilo nampa heshima yake. Nikamuomba achomeke moja, afungue programu ya kusoma afya ya diski. Kila diski hubeba rekodi yake ndani, inaitwa SMART: imewashwa mara ngapi, imefanya kazi saa ngapi, ina sehemu ngapi zilizokufa. Akanitazama utadhani nimeomba cheti cha ndoa cha wazazi wake, lakini akafungua. Juu kabisa, kwa rangi ya buluu, afya nzuri. Chini yake, saa 43,000.

Mwaka una saa 8,760. Diski ile ilikuwa imezunguka karibu miaka mitano bila kulala, nadhani ndani ya mtambo wa kamera za ulinzi wa jengo fulani, ikitazama mlango ule ule.

"Mdogo wangu, hii imechoka."

"Mzee, hapana. Hiyo ni dalili kwamba ni ngumu."

Na ukisema utakuwa mjanja, utaangalia saa tu, basi nayo hiyo imeshaingiliwa. Mapema 2025 huko Ujerumani watu waligundua hadidiski za Seagate, aina ya Exos, zilizouzwa kama mpya kwenye maduka ya heshima, kumbe zilishafanya kazi maelfu ya saa. Rekodi ya SMART ilikuwa imefutwa, inasoma sifuri. Kilichowaumbua ni rekodi nyingine ya ndani zaidi, FARM, ambayo wafutaji hawakuigusa. Inasadikika nyingi zilitoka kwenye mitambo ya kuzalisha sarafu ya kidijitali ya Chia, ile ambayo badala ya kula umeme inakula nafasi ya diski, na ambayo 2021 iliwafanya watu wanunue hadidiski kwa fujo. Seagate wakasema si wao waliozipeleka madukani namna hiyo. Sawa. Mimi nilipoisoma habari ile nilipata faraja ya ajabu, nikiri. Miaka yote tunaambiwa ujanja uko kwetu, Mzungu ananunua kwa amani. Kumbe naye kuna mtu amemkazia nailoni.

Hata viwandani kwenyewe si kwa kulala usingizi. Mwaka 2020 Western Digital walibainika kuingiza kwenye baadhi ya diski za WD Red teknolojia ya SMR, ambayo mistari ya data hupandana kidogo ili diski ibebe zaidi, na kwa hiyo kuandika upya kunakuwa kwa kujivuta, bila kulitaja hilo kwenye maelezo ya bidhaa. Watengenezaji wa hadidiski wamebaki watatu tu duniani, Seagate, Western Digital na Toshiba. Ukiwagombeza wote hao, unabaki na daftari la karatasi.

Pawa saplai naipitia haraka, kwa sababu nikiikumbuka presha inapanda. Kijana wangu alikuwa ameniagiza nimwangalizie moja. Nikaonyeshwa boksi lenye herufi za dhahabu: wati 600. Nyepesi mno mkononi. Nikavaa miwani, nikasoma stika ya ubavuni, yale maandishi ambayo hayajapakwa dhahabu: volti 12, ampia 16. Zidisha. Wati 192. Na kompyuta za siku hizi, prosesa na kadi ya grafiki, ulaji wake mkubwa ni kwenye hiyo hiyo 12. Zile mia nne na kitu zilizobaki, hata ukikusanya vijilaini vyote vidogo vya volti 5 na 3.3, hazitimii. Nikamuuliza muuzaji zimeenda wapi. Akasema, "Mzee, wewe kata nusu tu, zote ziko hivyo," kwa sauti ya mtu anayenipa siri ya familia. Ukiongeza na umeme wetu unaokatika na kurudi kwa hasira, pawa saplai ile si kifaa cha kompyuta, ni kiberiti.

Serikali nayo imetuzoesha vibaya. Juni 2016 TCRA walizima simu feki nchi nzima, na wiki zile kila mtu, mpaka bibi zetu, alijua kubonyeza *#06# na kusoma IMEI yake. Tukadhani kila kitu kitakuja na namba ya kubonyeza. RAM huibonyezi popote. Hadidiski ina namba ya kiwandani ambayo unaweza kuihakiki kwenye tovuti ya mtengenezaji, na ukihakiki mara nyingi jibu linalokuja si ndiyo wala hapana: kifaa hiki ni halali, kiliuzwa kwa kampuni ya kuunganisha kompyuta, waranti kaulize huko. Huko wapi? Inawezekana ni kampuni ya bara lingine iliyoing'oa diski kwenye kompyuta ya ofisi na kuitupia kwenye kontena.

Ukiuliza kwa nini bei ziko juu, kila duka lina sababu yake ya kimataifa. Dola. Bandari. Kuna mmoja bado anataja mafuriko ya Thailand, ambayo ni kweli yalipandisha bei ya hadidiski duniani, ila ilikuwa 2011. Siku hizi jibu jipya ni akili unde, na linaniudhi zaidi kwa kuwa safari hii ni kweli: mwishoni mwa 2025 bei ya RAM ilipaa kwa sababu wakubwa wa RAM, Samsung, SK Hynix na Micron, wameelekeza nguvu zao kwenye vituo vya data vya akili unde. Kwa hiyo roboti la Marekani linajifunza kuandika mashairi, mimi wa Tabata nakosa RAM.

Nilirudi kwa yule kijana wa saa 43,000. Alinivutia kwa kutokuwa na haya. Nikamwuliza swali ambalo hakuna mshauri wangu hata mmoja aliyewahi kunifundisha: "Mdogo wangu, hebu niambie. Ya kwako wewe, ya kompyuta ya nyumbani kwako, ulinunua hapa?"

Akacheka. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akashusha sauti.

"Hapana mzee. Panda ghorofa ya pili, nyuma ya duka la mapazia. Kuna mama. Mkali, lakini sisi vya kwetu tunachukua kule."

Ghorofa ya pili, nyuma ya mapazia, hakuna bango, hakuna taa za rangi, hakuna muziki. Kuna kaunta, kompyuta moja kuukuu, rafu, na mama mwenye miwani iliyofungwa kamba, anaandika kwenye kaunta buku.

"Habari za kazi, mama."

"Nzuri. Unataka nini, baba?"

"Hadidiski ya nje, tera moja."

"Ya kazi gani?"

Nilishtuka kidogo. Tangu nishuke kwenye daladala hakuna aliyekuwa amejali kazi yake. Nikamweleza: picha, makala, michango ya chama. Akainuka, akashusha boksi moja, akaanza kulisema vibaya.

"Hii ni ya polepole. Waya wake mbovu, ukiukunja kunja mwezi hauishi. Ukiidondosha inazunguka, imekufa, na mimi usinirudie."

"Na ile ya boksi jekundu?"

"Ile siipendi. Zimerudi kadhaa. Namsubiri mwenye mzigo aje azibebe."

"Na SSD je? Wanasema ndiyo ya kisasa."

"Nzuri kwa kufanyia kazi, ina kasi. Lakini wewe unataka kuweka picha kabatini. SSD ukiiacha muda mrefu bila umeme, inaweza kusahau. Na ikifa haigongi kukuaga, inakata tu. Chukua hii mbaya."

Sijawahi kubembelezwa kununua kwa matusi namna ile. Na hapo ndipo lilipo lalamiko langu kubwa katika safu hii, ambalo nimelibeba mpaka sasa hivi: kwa nini ukweli unauzwa bila tabasamu? Kutwa nzima nimeitwa mzee wangu, boss wangu, baba yangu, nimepewa stuli, nimepewa hadi maji, na kila aliyenipa maji alikuwa na boksi lenye walakini. Anayejua kitu, anayekiri kwamba kitu kina kasoro na kasoro yenyewe iko kwenye waya, amejificha nyuma ya mapazia na hana hata "karibu tena." Nikamuuliza mbona hayuko barabarani chini, ambako watu wanamhitaji. Akasema barabarani kodi ni kubwa, na mawinga hawamletei wateja kwa sababu bei yake hairuhusu cha juu. Nikaelewa basi kwa nini mji mzima haumjui. Habari za duka zinatembezwa na watu wanaolipwa kwa kuzitembeza, na huyu halipi.

Bei: laki na themanini na tano. Juu ya zote.

"Mama, nipunguzie kidogo."

"Hiyo ina risiti."

"Bila risiti?"

Akanitazama juu ya miwani mpaka nikajifanya nasoma kalenda ya ukutani. Ndani ya bei ile kuna VAT asilimia 18, kuna risiti ya EFD yenye jina la duka na tarehe, na risiti hiyo, tofauti na Boss Hadidiski Kkoo, haizimi simu.

Akafungua boksi mwenyewe kabla sijalipa, na hilo hakuna mwingine aliyelifanya. Kote huko ilikuwa ukichana nailoni umeshanunua. Akachomeka, akafungua programu ile ile, akageuza kioo nione: saa sifuri. Akazungusha zungusha, akanionyesha na kurasa nyingine ambazo sikuzielewa, nikatikisa kichwa kitaalamu. Kisha akavuta kaunta buku, akanakili namba ya kiwandani tarakimu kwa tarakimu, tarehe, jina langu.

Jamani, kile kitabu. Ningepewa nafasi ningekisoma mpaka jioni. Kila mstari bidhaa moja, na zilizorudi zina maelezo kwa kalamu nyekundu. "Kimeo, nimebadilisha." "Umeme, si mimi." "Ameidondosha, anakataa." "Nzima, hajui kuichomeka." Miaka ya mauzo imelala mle pamoja na aibu zake zote, na ameiweka juu ya kaunta, mteja yeyote anaiona. Kule chini nilikuwa nimekuta tangazo moja tu lililorudiwa kila ukuta: mali ikishauzwa hairudishwi.

"Waranti mama?"

"Siku kumi na nne kwangu. Ikifa yenyewe nakubadilishia. Ikipigwa na umeme, ni yako. Baada ya hapo ni ya kampuni, naipeleka kwa wakala, utasubiri miezi, usinipigie kila siku."

Winga alinipa mwaka mzima kwa kubonyeza simu. Huyu ananipa siku kumi na nne na karipio. Na mkono wangu, bila kuniuliza, ulikuwa umeshaingia mfukoni.

Nahesabu noti, akauliza: "Na ya pili?"

"Ya pili ya nini?"

"Ya nakala. Hiyo uliyoshika itakufa. Zote zinakufa, hata za bei ghali. Chukua na ya kampuni nyingine, zisije zikatoka kundi moja zikafa pamoja. Moja kaa nayo, moja mpelekee ndugu yako wa mbali. Hiyo ni laki na tisini."

Nikaacha kuhesabu. Kutwa nzima wanaume wachangamfu wameshindwa kuniuzia diski moja, na mama asiyecheka ananiuzia mbili. Nikamchunguza usoni nione kama kuna biashara. Hakuna kitu, miwani tu. Kama anasema kweli, nahitaji mbili. Na fundi wangu, na kila mtu aliyewahi kupoteza picha, atakubaliana naye. Na kama ni mbinu, basi ni mbinu ya kiwango ambacho mawinga wote wa Aggrey wanapaswa kupandishwa ghorofa ya pili kwa semina. Nimelifikiria njia nzima na bado sijapata jawabu, na mweka hazina wa chama naye analisubiri, kwa sababu risiti inasomeka laki tatu na elfu sabini na tano na kikao kiliidhinisha laki moja.

"Na zikifa zote mbili?" nilimuuliza, nikiwa nimeshazikumbatia.

Alikuwa amerudi kuandika. "Njoo na risiti," akasema. "Ila Jumapili sifungui."